Fomu Isiyorudishwa: Mwongozo wa Kutengeneza Fomu za Kujaza kwa Wafanyakazi

Karibu kila kampuni yenye mtandao wa ndani ina folda iliyoandikwa "Fomu". Ukiifungua unakuta fomu ya likizo ya zamani, nyingine ya likizo yenye neno "mpya" mwishoni mwa jina, na ya tatu iliyoandikwa "mpya kabisa". Mfanyakazi anabahatisha mojawapo, anaichapa, anaijaza kwa kalamu, anaipiga picha kwa simu na kuituma. Siku mbili baadaye inarudi: tarehe ya kuripoti kazini haikujazwa, au fomu yenyewe ilishaachwa kutumika. Aliyejaza amepoteza muda, aliyepokea amepoteza muda, na meneja bado anasubiri.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliyepewa kazi ya kuyarekebisha hayo, uwe afisa rasilimali watu, mhasibu, katibu muhtasi au mtu wa TEHAMA. Huhitaji kujua kuandika programu. Unahitaji Word au LibreOffice, ruhusa ya kuweka faili kwenye mtandao wa ndani, na subira ya kuzungumza na watu kabla ya kugusa kompyuta. Mfano wetu mkubwa utakuwa fomu ya kuomba likizo, kwa sababu kila mtu huijaza. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usihangaike kuyatafuta.

Anza na anayeipokea

Fomu ni maswali ya mtu anayetaka kuamua jambo. Anayeidhinisha likizo anataka kujua nani anaondoka, lini, kwa siku ngapi, na nani atashika kazi yake. Swali lolote lisilomsaidia kuamua, wala kumsaidia mhasibu kulipa au masijala kutunza jalada, ni mzigo tu kwa anayejaza. Watu wengi wakipewa kazi hii huchukua fomu ya karatasi na kuinakili neno kwa neno kwenye kompyuta, pamoja na maswali ambayo hakuna anayekumbuka yaliwekwa kwa nini. Matokeo yake ni fomu mbovu ileile, safari hii ikiwa kwenye skrini.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha Word:

1. Omba fomu zilizojazwa hivi karibuni, kama kumi au ishirini hivi. Zipitie ukiwa na kalamu. Sehemu gani zimeachwa wazi na fomu ikapita hivyohivyo? Hizo huenda hazihitajiki. Sehemu gani zimekatwakatwa na kuandikwa upya? Hapo swali halieleweki.
2. Keti na mtu anayezipokea. Muulize: "Ni kitu gani kinachokufanya urudishe fomu?" Andika majibu yake yote. Hiyo ndiyo orodha ya kazi yako.
3. Fuata njia ya fomu kuanzia mwanzo hadi mwisho: anayejaza, msimamizi wake, rasilimali watu, mhasibu, jalada. Kwa kila kituo andika anachosoma na anachoongeza.
4. Futa kila swali ambalo kampuni tayari ina jibu lake. Kama namba ya mfanyakazi inatosha kumtambua, usimdai tena tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuajiriwa na jina la mwenzi.

> Pima kila swali kwa haya matatu
> ☐ Nani atalisoma jibu hili?
> ☐ Atafanya nini tofauti akilisoma?
> ☐ Je, hatuna jibu hili mahali pengine?
> Swali likishindwa la kwanza au la pili, lifute. Likishindwa la tatu, libakize tu kama kutafuta jibu huko kwingine kunachukua muda mrefu kuliko kuuliza.

"Siku ngapi?" ni swali lisilokamilika

Hapa pana mtego unaowarudisha watu wengi kwenye dawati la rasilimali watu. Sehemu iliyoandikwa "Idadi ya siku" peke yake haisemi ni siku za namna gani.

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na sikukuu inayoangukia humo imo ndani ya hesabu. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataja siku zisizopungua 21 za kazi. Chukua wafanyakazi wawili wa kampuni moja, mmoja Dar es Salaam na mwingine Nairobi, wote wakianza likizo yao kamili Jumatatu, 1 Desemba 2025. Wa Dar anamaliza siku 28 Jumapili ya 28 Desemba na kuripoti kesho yake. Sikukuu ya Uhuru, Krismasi na siku inayofuata zote zimemezwa. Wa Nairobi, kama ofisi yake hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, anaruka Jamhuri Dei, Krismasi, siku inayofuata na Mwaka Mpya, na siku yake ya 21 inaangukia Ijumaa ya 2 Januari 2026. Anaripoti Jumatatu ya tarehe 5. Fomu ni moja, siku ya kuanza ni moja, lakini kati ya siku zao za kuripoti kuna wiki nzima.

Dawa yake ni kuandika swali kwa ukamilifu: "Siku za likizo zinazoombwa (hesabu kila siku, pamoja na Jumamosi, Jumapili na sikukuu)", au "(hesabu siku za kazi tu)", kulingana na sheria na mkataba wenu. Kisha weka tarehe tatu badala ya mbili: siku ya kwanza ya likizo, siku ya mwisho ya likizo, na siku ya kuripoti kazini. Hiyo ya tatu inaonekana kama nyongeza isiyo na maana, kumbe ndiyo inayomaliza ubishi, kwa sababu mtu akiandika "hadi tarehe 28" mwingine atasoma kwamba tarehe 28 yumo kazini.

Aina ya likizo nayo isiachwe iandikwe kwa mkono. Weka orodha ya kuchagua: ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi kwa mama, ya uzazi kwa baba, ya msiba au kuuguliwa na mtoto, isiyo na malipo. Chini ya kila aina eleza kwa maneno machache kiambatisho kinachotakiwa, mathalani cheti cha daktari kwa likizo ya ugonjwa. Mtu asiulizwe anaumwa nini. Cheti kinatosha.

Tarehe, saa, majina na namba

Mambo haya manne ndiyo yanayoharibu fomu nyingi za Afrika Mashariki, kwa sababu programu tunazotumia zilitengenezwa kwa mazoea ya kwingine.

*Tarehe.* Kompyuta nyingi za ofisini huja zikiwa zimewekwa Kiingereza cha Marekani, ambacho hutanguliza mwezi. Mtu akiona 03/04/2026 hajui ni tarehe 3 Aprili au tarehe 4 Machi. Tumia sehemu ya kuchagua tarehe, na uiamuru ionyeshe mwezi kwa jina: 3 Aprili 2026. Namna ya kufanya hivyo ipo kwenye hatua za Word hapa chini.

*Saa.* Kwenye fomu ya muda wa ziada, mlinzi akiandika "kuanzia saa 2 hadi saa 6", mhasibu aliyezoea saa za kompyuta anaweza kusoma saa nane usiku hadi kumi na mbili asubuhi. Usiache nafasi wazi. Weka orodha yenye maneno kamili, kwa mfano "saa 2:00 usiku (20:00)". Ukiandika zote mbili hakuna atakayebishana.

*Majina.* Mtanzania kwa kawaida ana majina matatu. Fomu zilizonakiliwa kutoka nje huwa na nafasi mbili, na la kati hutupwa au hubanwa pamoja na la kwanza. Mwisho wake jina kwenye fomu halilingani na la kwenye mkataba. Weka nafasi moja ndefu: "Majina matatu kama yalivyo kwenye mkataba wako".

*Namba.* Namba ya kitambulisho cha NIDA ina tarakimu 20. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote. Zinazobaki huzigeuza sifuri kimyakimya. Vilevile namba ya simu inayoanza na 0 hupoteza ile sifuri ya mwanzo. Kama fomu yako au daftari lako la kumbukumbu liko kwenye Excel, chagua seli za namba hizo, zibadilishe ziwe "Text" kabla ya kuandika chochote. Ukibadilisha baadaye, tarakimu zilizokwisha kupotea hazirudi.

Faili gani inafaa?

Amua kwa kutazama kinachotokea baada ya fomu kujazwa.

Kama fomu inasomwa, inaidhinishwa na kuwekwa kwenye jalada la mtu, tumia Word au PDF. Word ni rahisi kuitengeneza na kila mfanyakazi mwenye kompyuta anaifahamu. PDF inabaki na sura ileile kwenye kila mashine na huchapika vizuri, lakini kuirekebisha kunakudai urudi kwenye faili ya awali.

Kama kuna mistari mingi ya fedha ya kujumlisha, kama marejesho ya masurufu ya safari, tumia Excel. Ijumlishe yenyewe.

Kama unachotaka ni kukusanya majibu ya watu wengi kwenye jedwali moja, mathalani nani anahudhuria mafunzo au nani anataka saizi gani ya sare, achana na faili kabisa. Tumia fomu ya mtandaoni kama Microsoft Forms au Google Forms. Kufungua faili 80 za Word ili kuhesabu saizi za mashati ni kuwatesa watu bure.

Ofisi iliyorithi fomu za InfoPath izihamishe. Toleo la mwisho la programu hiyo ni la mwaka 2013, na Microsoft ilitangaza 14 Julai 2026 kuwa mwisho wa kuihudumia.

Kutengeneza fomu kwa Word

Kuandika nukta nukta au mstari wa chini ili watu waandike juu yake si kutengeneza fomu ya kujaza: mtu akianza kuandika, mstari unasukumwa, maneno yanahama, na ukurasa mmoja unakuwa miwili. Word ina sehemu maalumu za kujaza, na zinapatikana kwenye kichupo ambacho kwa kawaida kimefichwa.

1. Fichua kichupo. Nenda File, kisha Options, kisha Customize Ribbon. Upande wa kulia weka alama ya vema kwenye "Developer", bofya OK.
2. Chora jedwali la safu mbili. Kushoto maswali, kulia majibu. Jedwali ndilo linalozuia maneno yasihame. Mistari yake unaweza kuifanya hafifu ukipenda.
3. Weka sehemu za kujaza. Bofya kwenye seli ya kulia, kisha kwenye Developer chagua inayofaa: "Plain Text" kwa maneno, "Drop-Down List" kwa orodha, "Date Picker" kwa tarehe, "Check Box" kwa ndiyo au hapana. Usitumie "Rich Text" bila sababu. Inaruhusu mtu kubandika maandishi yenye rangi na picha.
4. Zirekebishe moja moja. Bofya sehemu, kisha "Properties". Kwenye "Title" andika jina lake. Weka vema kwenye "Content control cannot be deleted" ili mtu asiifute kwa bahati mbaya. Kwa orodha, andika machaguo yote hapo. Kwa maelezo marefu, ruhusu aya zaidi ya moja. Kwa tarehe, chagua Kiswahili kwenye orodha ya lugha, kisha andika mpangilio `d MMMM yyyy`.
5. Andika maelekezo ndani ya sehemu. Washa "Design Mode", badilisha yale maneno ya Kiingereza yanayosema bofya hapa, uandike ya kwako: "Andika majina matatu", "Chagua aina ya likizo". Zima "Design Mode" ukimaliza. Maneno hayo hupotea mtu akianza kuandika, kwa hiyo onyo muhimu usiliweke humo. Liweke kwenye safu ya kushoto.
6. Ifunge. Bofya "Restrict Editing". Kwenye sehemu ya pili weka vema, chagua "Filling in forms", kisha anza ulinzi. Weka nenosiri.
7. Hifadhi kama kiolezo. Kwenye "Save As" chagua "Word Template", yenye mwisho wa .dotx. Mfanyakazi akiibofya mara mbili, Word humfungulia nakala mpya isiyo na jina, na ya asili inabaki salama.

> Tahadhari
> Nenosiri la hatua ya 6 linazuia makosa ya mkono tu. Halisimbi faili, na anayekusudia kulivunja anaweza. Usilitumie kulinda siri.
> Liandike nenosiri hilo mahali ambapo watu wawili wanaweza kulipata. Aliyelijua peke yake akihama kampuni, fomu haiwezi kurekebishwa tena kwa njia ya kawaida.
> Usitegemee Word ya kwenye kivinjari kujaza fomu iliyofungwa hivi. Mwelekeze mfanyakazi aipakue na kuifungua kwenye Word ya kompyuta.

Kutengeneza PDF ya kujaza kwa LibreOffice

Kosa linalorudiwa kila mahali ni hili: mtu anatengeneza fomu nzuri kwenye Word, anaihifadhi kama PDF, anaipandisha, kisha anashangaa watu wanasema haijaziki. Word ikigeuza faili kuwa PDF, zile sehemu za kujaza huwa maandishi ya kawaida. PDF ya kujaza inahitaji programu inayoweza kuzihifadhi. Acrobat ya kulipia inaweza. LibreOffice Writer inaweza pia, na ni bure.

1. Andika fomu kwenye Writer, nayo kwa jedwali.
2. Fungua menyu ya "Form", washa "Design Mode", kisha chagua aina ya sehemu na uichore kwa kipanya ndani ya seli.
3. Bofya kitufe cha kulia juu ya sehemu, chagua "Control Properties", na kwenye "Name" andika jina fupi lisilo na nafasi: `majina`, `tarehe_kuanza`, `siku`.
4. Zima "Design Mode", ujaze mwenyewe kwa majaribio.
5. Nenda File, Export As, Export as PDF. Hakikisha "Create PDF form" ina alama ya vema.
6. Tunza ile faili ya Writer, yenye mwisho wa .odt. Marekebisho yote ya baadaye yataanzia hapo.

Kuna raha moja ya PDF ambayo wengi hawaijui. Sehemu mbili zikiwa na jina moja, mtu akijaza ya kwanza ya pili inajijaza. Fomu yenye kipande cha kukatwa chini, ambacho mfanyakazi hubaki nacho, inanufaika sana: majina na tarehe vinaandikwa mara moja tu. Kwenye LibreOffice, wakati wa kutoa PDF, ruhusu "Allow duplicate field names". Usipoweka alama hiyo, programu huzipa sehemu hizo majina tofauti na hila hii haifanyi kazi.

Waonye watu kuhusu kujazia PDF ndani ya kivinjari. Wanabofya kiungo, fomu inafunguka hapohapo, wanajaza kurasa mbili, kisha wanafunga dirisha. Yote yamepotea. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza andika kwa herufi nene: Hifadhi kwanza kwenye kompyuta yako, kisha ifungue na ujaze. Na kwenye simu, baadhi ya programu za kusomea PDF huonyesha fomu tupu hata kama imejazwa, hivyo msimamizi anayeidhinisha kwa simu anaweza kudhani ametumiwa karatasi isiyoandikwa.

Excel kwa marejesho ya masurufu

Kwa ufupi: seli zote za Excel huwa na alama ya kufungwa tangu mwanzo, ila kufuli halifanyi kazi mpaka ulinde ukurasa. Chagua seli za kujaza, nenda Format Cells, Protection, ondoa vema kwenye "Locked". Kisha nenda Review, "Protect Sheet". Hapo mtu ataandika tarehe, maelezo na kiasi, lakini hataigusa fomula ya jumla. Weka mistari mitatu chini: masurufu yaliyopokelewa, jumla iliyotumika, na tofauti. Mstari wa tofauti useme wenyewe "Rudisha kwa kampuni" au "Kampuni ikulipe", kwa sababu alama ya kutoa mbele ya namba imewagombanisha watu wengi na wahasibu wao.

Sahihi

Jambo hili hukwamisha fomu kuliko jambo lingine lolote. Watu hujaza kwenye kompyuta, kisha huchapa ili watie sahihi, kisha huskani tena, na faida yote imekwisha.

Uliza kwanza kama sahihi inahitajika kweli. Kwa likizo ya kawaida, idhini ya msimamizi iliyotoka kwenye barua pepe yake mwenyewe ya kazini, ikiwa na fomu imeambatishwa, ni kumbukumbu inayoonyesha nani, lini na nini. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayotambua sahihi za kielektroniki, kwa hiyo kompyuta si kikwazo kwa asili yake. Kwa malipo makubwa, mikataba na mambo ya nidhamu, muulize mwanasheria wa kampuni aseme anataka sahihi ya aina gani, na ushauri wake uandikwe.

Usibandike picha ya sahihi ya meneja ndani ya kiolezo. Kuna ofisi zinazofanya hivyo "kuokoa muda". Yeyote mwenye faili hiyo anaweza kuinakili picha hiyo na kuiweka kwenye hati ya malipo.

Taarifa za watu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya mwaka 2022 na ilianza kutumika 1 Mei 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote zinadai ukusanye kile tu unachokihitaji kwa kazi unayoitaja, na ukitunze vizuri. Kwa mtengeneza fomu hiyo ina maana tatu za vitendo. Sema kwenye fomu, kwa sentensi moja, taarifa zitatumika kwa ajili gani na nani ataziona. Fomu zilizojazwa zisirudishwe kwenye folda ambayo kila mtu anaifungua; fomu tupu ziwe wazi kwa wote, zilizojazwa ziende kwenye folda ya wahusika tu. Na taarifa za afya, mishahara na nidhamu zisipitie kundi la WhatsApp la idara, hata kama huko ndiko watu wanakojibu haraka.

Kuiweka kwenye mtandao wa ndani

1. Ipe fomu namba, toleo na tarehe, uviandike chini ya kila ukurasa: "RW-03, Maombi ya likizo, toleo la 2, Januari 2026". Mtu akikutumia picha ya karatasi, utajua papo hapo kama ni ya zamani.
2. Jina la faili lisiwe na toleo. Liite `RW-03 Maombi ya likizo` siku zote, na toleo jipya liandikwe juu ya la zamani. Hapo kiungo hakibadiliki, na wale waliokihifadhi hawapotei.
3. Kabla ya kuandika juu yake, weka nakala ya toleo la zamani kwenye folda ya kumbukumbu ambayo wafanyakazi hawaioni.
4. Waombe watu wa TEHAMA wawape wafanyakazi wote ruhusa ya kusoma tu kwenye folda ya fomu. Bila hivyo, atatokea mmoja atakayejaza fomu ya asili na kuihifadhi hapohapo, na wote watakaofuata watakuta likizo yake.
5. Zipange kwa jambo ambalo mfanyakazi anataka kufanya: "Nataka likizo", "Nasafiri kikazi", "Nimepata ajali kazini", "Nadai malipo". Majina ya idara yanawasaidia wakuu wa idara tu. Mfanyakazi mpya hajui kama masurufu ni ya fedha au ya utawala.
6. Mwisho wa fomu andika irudishwe wapi, kwa anuani ya cheo na si ya mtu. Mtu huenda likizo. Anuani ya dawati la likizo haiendi.

Usisahau wasio na kompyuta: madereva, walinzi, wahudumu, watu wa ghala. Ichape fomu tupu uone kama maelekezo yanasomeka na kama nafasi zinatosha mkono wa mtu mzima anayeandika kwa kalamu. Orodha ya kuchagua ikichapwa huonyesha mstari mmoja tu, kwa hiyo tengeneza nakala ya kuchapa yenye machaguo yote na visanduku vya kuweka vema. Namba na toleo viwe vilevile.

Ijaribu kwa watu, nawe ukae kimya

Chagua watu watatu: mfanyakazi mpya, mtu asiyependa kompyuta, na mmoja wa kituo cha mbali chenye intaneti dhaifu. Mpe kila mmoja jambo la kweli: "Unataka likizo ya wiki mbili kuanzia Jumatatu ijayo. Tafuta fomu, ujaze, uitume." Usimwonyeshe kitu. Keti pembeni uandike kila anaposita, kila anapouliza, kila anaporudi nyuma. Ukijikuta unaanza kusema "hapo unatakiwa...", nyamaza, andika. Sentensi uliyotaka kuisema ndiyo inayokosekana kwenye fomu.

Kisha peleka fomu hizo tatu kwa anayezipokea, bila maelezo yoyote. Angalia kama anaweza kuamua bila kumpigia mtu simu.

> Kabla ya kuitangaza
> ☐ Kila swali lina msomaji anayejulikana
> ☐ Siku za likizo zimeelezwa ni za aina gani
> ☐ Tarehe zinaonyesha mwezi kwa jina
> ☐ Saa zimeandikwa kwa namna zote mbili
> ☐ Kitufe cha Tab kinapita sehemu kwa mpangilio wa kusoma
> ☐ Jina refu na maelezo marefu hayavunji ukurasa
> ☐ Imefunguliwa kwenye kompyuta isiyo yako, na kwenye simu
> ☐ Imechapwa kwa mashine ya rangi nyeusi na bado inasomeka
> ☐ Faili ya kurekebishia na nenosiri viko mahali wawili wanapajua
> ☐ Fomu ya zamani imeondolewa, hata kwenye barua pepe ya maelekezo kwa waajiriwa wapya

Siku ya kuitangaza, tuma kiungo, usitume faili. Ukiambatisha faili kwenye barua pepe, kila mtu ataihifadhi kwenye kompyuta yake, na miaka miwili baadaye bado utakuwa unapokea toleo hilo. Weka tarehe moja ambayo baada yake fomu ya zamani haipokelewi, na mkubaliane na anayezipokea ashike msimamo. Kwa mwezi wa kwanza mwombe aandike kwenye daftari kila fomu anayoirudisha na sababu yake kwa maneno mawili matatu. Sababu ikijirudia mara tatu, rekebisha fomu, badilisha namba ya toleo, uipandishe palepale ilipokuwa.